Kilo Tatu Zilizopotea Njiani Kwenda Iringa

Mimi ni mtu wa hasira, na Mbalizi nzima inajua. Kwa hiyo mliposikia nimerudi kutoka Iringa kimya, nimeshuka stendi bila kugombana hata na mpiga debe, wengi mlidhani naumwa. Siumwi. Nitawaeleza safari yote, nanyi mtaamua wenyewe kama nilikuwa na haki ya kukasirika au la. Mahali pengi nilikuwa nayo.

Wengi mnanijua kwa mabegi ya shule ninayoshona pale karibu na soko. Wachache wanajua kwamba nafunga pia nyuzi za raketi za tenisi. Kazi hii niliipata zamani nilipokuwa nafagia uwanja wa klabu moja mjini Mbeya. Mwalimu wa pale alichoka kupeleka raketi Dar es Salaam kila uzi ulipokatika, akanifundisha, na alipohama akaniachia mashine. Ni mashine ya mkono, nzito kuliko cherehani. Unabana uzi, unazungusha mkono, spring inavuta, na ukifika uzito ulioupanga inajifunga yenyewe: tak! Mchezaji akitaka kilo ishirini na tano, unampa ishirini na tano. Ukizidisha, mpira unakuwa mzito kwenda. Ukipunguza, mpira unaruka na kutoka nje ya mstari.

Kilichonitoa nyumbani ni Atupele. Namfungia nyuzi tangu akiwa mtoto anayecheza na raketi ya mtu mzima iliyomzidi urefu wa mkono. Sasa ana miaka ishirini na mmoja, na mwezi wa sita aliitwa kwenye mashindano ya wachezaji wa kulipwa pale Iringa, yenye watu wa nchi nyingi. Akishinda mechi moja tu, anapata pointi moja, na pointi hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya jina lake kuandikwa kwenye orodha ya wachezaji wa dunia. Alishajaribu mara tatu sehemu nyingine akakosa. Safari hii aliwaambia waandaaji anamtaka fundi wake. Kwa kuwa walipungukiwa fundi wa pili, wakanikubali.

"Mama Tuma," aliniambia, "nikishika raketi uliyofunga wewe, huwa siifikirii tena. Nafikiria mpira tu."

Nilivimba kichwa, sitaki kudanganya.

Alfajiri ya Jumamosi, stendi ya Mbeya, baridi ya kukata masikio. Mashine nilikuwa nimeipima jana yake kwa mizani ya kuazima sokoni na kuikuta sawasawa, nikaizungushia mablanketi mawili na kuikatia tiketi ya siti yake. Ndiyo, siti yake! Nafika, nakuta kwenye siti ile ameketi baba mmoja na kuku wake.

"Mama, hiyo chuma inaenda buti," konda akasema.

"Hiyo chuma ina tiketi."

"Tiketi ni ya mtu, mama yangu. Usiwe na wasiwasi, italala kama mtoto."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, kwa kuwa mchungaji wangu naye anasoma. Basi likawasha moto, abiria wakaanza kunizomea kwamba nawachelewesha, nikapanda. Uyole, Igurusi, Chimala, Igawa, kote huko nilikuwa nazungumza peke yangu.

Makambako waliposhusha mizigo, nami nikashuka kuchungulia. Mashine ilikuwa imelala ubavu, na juu yake kuna magunia matatu ya viazi. Nilipiga kelele mpaka wauza mahindi wakakusanyika. Konda akaisimamisha, akaipangusa kwa kiganja, akasema imara, mama, chuma haifi. Nikaipanda tena ile hasira yangu kama mtu anavyopanda basi, na nilishuka nayo Iringa.

Saa nane mchana nilikuwa mtaa wa Kihesa, kwa Bi Zuhura, mfanyabiashara wa maharage ambaye huja Mbalizi kununua mzigo. Babu yake alitoka pwani, lakini yeye ni mtu wa Iringa hasa. Majirani wanampita dukani na salamu zao za "kamwene", naye anawajibu kwa Kihehe bila kuinua macho. Alinipa chumba, akanipa wali, na asubuhi yake nikamkuta anafanya kitu kilichonichekesha. Kabla hajafungua duka, alining'iniza jiwe kwenye ndoano ya mizani yake, akatazama mshale, akalishusha.

"Jiwe hilo unamuuzia nani?"

"Jiwe langu nalijua, ni kilo tano. Mizani ndiyo siijui. Jana ilikuwa mwaminifu, leo je?"

"Ililala hapo hapo ukutani, Bi Zuhura. Imeenda wapi?"

"Panya wanapita, watoto wanapita. Mimi sigombani na mteja kabla sijagombana na mizani."

Nikamwona mwanamke mwenye muda wa kupoteza.

Saa mbili na nusu nilikuwa uwanjani. Msimamizi, kijana mwenye suti ya michezo na kitambulisho shingoni, aliniona nikiwa na mzigo kichwani, akanyoosha kidole. "Mama wa chai? Jiko lipo nyuma."

"Mimi ni fundi wa raketi."

Alicheka, kisha akaona kwamba mimi sicheki. Akanipa meza karibu na mlango wa choo. Meza nzuri, ya kivulini, ilikuwa ya fundi kutoka Dar, jina lake Kassim, mwenye mashine ya umeme inayoandika namba zake kwa taa nyekundu. Nilimchukia kabla hajafungua mdomo. Alipoufungua, akawa mpole, ikanikera zaidi.

"Shikamoo dada. Umesafiri mbali ukiwa na mashine. Nina kamizani kadogo hapa, tuipime pamoja kabla hujaanza?"

Hebu nielezeni nyie. Umenyang'anywa siti, umeitwa mama wa chai, umekalishwa chooni, halafu mwenye meza ya kivulini anataka kukupima. Nilisikia masikio yanawaka.

"Mashine yangu nimeipima Mbalizi," nikasema. "Pima ya kwako."

"Samahani dada," akasema, na hakulirudia tena.

Siku mbili nilifunga raketi kumi na saba, nikizipanga kwenye kamba kama nguo. Ya Atupele niliifunga ya tatu, kilo ishirini na tano, kwa mkono uleule na mafundo yaleyale ya siku zote. Jumapili jioni akaja mchezaji mmoja mgeni, mrefu, na msimamizi akamtafsiria: anasema mipira yake inaruka, nyuzi zimelegea.

"Mwambie Iringa iko juu," nikajibu. "Huku hewa ni nyepesi, mpira unaruka. Wao wamezoea usawa wa bahari. Ajizoeze!"

Yule mtu akapiga nyuzi kwa kiganja, akatikisa kichwa, akaondoka. Kesho yake asubuhi akaja wa pili na lalamiko lilelile, nikampa hewa ileile. Jibu lile lilinipendeza sana. Niliona nimewafundisha jiografia.

Jumatatu saa tano, mechi ya Atupele. Niliacha kazi nikaenda kusimama kwenye wavu wa pembeni. Aliyepangiwa alikuwa binti wa kawaida kabisa, mwenye miguu mizito, ambaye Atupele anamshinda kwa mbio. Lakini mpira wa kwanza wa Atupele ukatoka nje kwa shubiri moja. Wa pili ukatoka. Akawa anapiga vizuri, mguu sawa, bega sawa, na mpira unapita mstari wa nyuma kidogo tu, kila mara kidogo tu. Akaanza kupunguza nguvu, na mipira ikawa inakwama kwenye wavu. Kila akikosa aliutazama mkono wake wa kulia, anaukunja na kuukunjua. Raketi hakuitazama hata mara moja.

Nilikuwa namfokea moyoni: kaza mkono, mtoto wewe, umekuja kuogopa! Seti mbili, akatolewa.

Nilimfuata kwenye benchi nikiwa nimefura. "Umefanya nini pale?"

"Sijui mama. Mkono wangu umekataa." Alikuwa anajifunika taulo. "Nilifikiri labda ni ile hewa unayowaambia wazungu. Lakini nyumbani ni juu zaidi ya hapa, na nyumbani mipira haitoki."

Nyumbani ni juu zaidi ya hapa.

Kila mtu wa Mbeya anajua kwamba sisi tuko juu kuliko Iringa. Nami nilijua, siku zote mbili nilizokuwa nagawa lile jibu langu nililijua. Kwa mgeni hewa ilinitosha. Kwa Atupele haikutosha.

Kwa Kassim nilishindwa kwenda kuomba mizani. Nikapanda bodaboda hadi Kihesa. Bi Zuhura alikuwa na wateja, akanitazama usoni mara moja, akaishusha mizani ukutani bila kuuliza.

"Na jiwe?" akasema.

"Na jiwe."

Saa saba nilikuwa mezani kwangu. Nikaning'iniza jiwe: kilo tano kamili, mizani haina kosa. Nikafunga ndoano moja kwenye kibano, nyingine kwenye uzi, nikapanga mashine kilo ishirini na tano, nikazungusha mkono. Tak! Mshale ulikuwa umesimama kwenye ishirini na mbili. Nikarudia. Ishirini na mbili. Mara ya tatu niliufumbia macho ule mshale kama mtoto, nikafumbua, upo palepale. Magunia matatu ya viazi, kilo tatu. Kassim alikuwa ananitazama. Laiti angecheka, ningepata wa kumrukia. Akasema tu, "Pole dada."

Nilimwendea msimamizi, nikamwambia raketi zote nilizofunga ni pungufu, zirudishwe zikatwe nyuzi.

Akatazama huku na huku. "Mama, nyamaza. Nusu yao wameshatolewa. Nani atajua? Utatuharibia jina."

Hapo, ndugu zangu, ndipo hasira yangu ilipopata kazi ya maana kwa mara ya kwanza tangu Mbeya. Nilimwambia kwamba jina analoliogopea ni langu, na nimelibeba kichwani kutoka Mbalizi, na nitalivunja mwenyewe bila msaada wake. Nikamwomba Kassim aandike kwa Kiingereza kwenye karatasi: raketi zilizofungwa kwenye meza ya mlangoni pa choo zimepungua kilo tatu, fundi anaomba radhi, zileteni. Nikaibandika kwenye mlango wa chumba cha wachezaji kwa mkono wangu.

Wa kwanza kuja alikuwa yule mrefu. Aliweka raketi mezani polepole, akanyoosha kidole angani, akasema neno la Kiswahili aliloliokota kwangu: "Juu." Nilistahili.

Kassim alisogeza meza yake, akazifunga zote kwenye mashine yake, mimi nikikata nyuzi na kufunga mafundo. Jioni msimamizi akaniambia kesho nisije. Ya Atupele haikuwa na haja ya kuharakishwa. Mechi ikiisha imeisha. Hakuna refa anayerudisha pointi kwa sababu ya viazi.

Jumanne asubuhi tulipanda basi pamoja, mashine ikiwa kwenye siti yake, na konda wa safari hii aliniangalia akaamua kutosema kitu. Nilikuwa sijampata Atupele peke yake kumweleza. Karibu na Mafinga, malori ya mbao yakipishana nasi, nikamweleza yote: buti, kamizani ka Kassim, ishirini na mbili. Alisikiliza akitazama misonobari.

"Kwa hiyo haukuwa mkono wangu," akasema.

"Haukuwa."

"Ndaga, mama."

Ananishukuru! Nilimgeukia kwa ukali. "Wale wageni hawanijui, wakaja kunilalamikia mchana kweupe. Wewe umecheza na nyuzi zangu miaka yote. Uliposhika ile raketi hukusikia kitu?"

"Nilisikia laini kidogo."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Akashusha macho. "Nilijua wewe huwezi kukosea. Halafu, mama, ningekuambia ungenifokea."

Kutoka Mafinga mpaka Uyole ni mbali, na nililimeza lile neno njia nzima. Konda amenikosea, msimamizi amenikosea, hilo silifuti. Lakini konda alinipunguzia kilo tatu tu. Aliyemfunga mtoto mdomo ni mimi, kwa miaka, na kwa hasira ambayo nyie mnaicheka na mimi nilikuwa naijivunia. Ndiyo maana nilishuka stendi kimya.

Nilinunua mizani. Imening'inia juu ya mashine, na ndoo ya lita ishirini, ambayo maji yake ni kilo ishirini, ndiyo jiwe langu, kwa sababu maji hayasafiri kwenye buti. Atupele nilimwambia mbele ya mama yake: siku nyingine ukisikia laini, sema, nikifoka nifoke.

Wiki iliyopita alikuja kuchukua raketi, anakwenda kujaribu tena. Kibanda kilikuwa na wateja wanne wa mabegi, mmoja wao mwalimu mkuu. Akaipokea, akapiga nyuzi kwa kiganja, akaniangalia, na nikaona jinsi anavyojikaza.

"Mama Tuma," akasema mbele ya watu wote, "umepima?"

Masikio yakawaka. Nilikuwa nimepima asubuhi ileile, na maneno ya kumwambia yalikuwa tayari mdomoni. Nikayameza, nikashusha mizani, nikamwambia aende kujaza ndoo.