Kikombe cha Komanda

Nakumbuka siku moja kwa ulimi kabla ya kuikumbuka kwa kichwa, mwanangu. Nikionja chai isiyo na sukari narudi kule kule Beni, hata leo na uzee huu. Keti hapo, Kasereka, sogeza miguu karibu na mbabula, jiko letu la makaa, upate joto. Hizo buti mpya nimeziona tangu juzi. Hukusema nani amekupa, na mimi sikuuliza, maana bibi, koko wako, akiuliza sana, mjukuu hujifunza kudanganya. Nitakusimulia kwanza, halafu utazivaa au utazivua mwenyewe.

Ilikuwa wakati wa vita, zile siku za waasi, tulipokuwa tukiletewa komanda mpya kabla hatujazoea jina la yule wa zamani. Sisi ni watu wa Butembo, lakini baba yangu alikuwa na duka Beni, na nyumba tuliyokaa ilikuwa Beu, mtaa wa mji huo huo. Mama alibaki Butembo na wadogo zangu. Mimi nilikuwa msichana wa kuolewa, nikimpikia baba na kumsaidia dukani. Baba alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wetu waliofika mpaka Uchina, mji wa Guangzhou, kununua vitenge na chupa za chai. Safari moja, Mchina aliyemuuzia mzigo alimpa zawadi ya kopo la bati lililojaa majani ya chai ya kijani.

Chai sisi tunaijua, inalimwa hapa hapa milimani kwetu. Tunaichemsha na tangawizi mpaka iwe nyekundu kama udongo wa barabara, kisha tunatia sukari bila huruma. Ile ya Mchina ilikuwa na mambo yake. Baba alinionyesha jinsi alivyoonyeshwa: maji yanayotokota huyaunguza majani yakawa machungu, kwa hiyo birika liondolewe motoni, maji yapumue, ndipo umimine, na usiyaache majani yakae sana. Sukari hapana. Na majani yale yale humiminiwa maji mara ya pili, na kikombe cha pili ndicho kitamu. Nilicheka, nikaonja. Ilinukia maharagwe mabichi ya mashamba ya Musienene yanapoanza kuchemka. Nilipokwisha kumeza, utamu mdogo ukarudi kooni, kama mgeni aliyesahau kofia yake. Tangu siku hiyo niliipenda.

Baba naye alikuwa mtu wa kujivunia vitu vyake. Kila aliyeingia dukani alionjeshwa, na wengi walikunja uso. Hapo maneno yakaanza. Komanda aliyetangulia alikuwa amekufa ghafla baada ya kula, na mji mzima ulinong'ona sumu. Unajua kwetu sumu inaogopwa kuliko risasi, kwa sababu risasi angalau inapiga kelele. Ndiyo maana mtu akikuletea kinywaji hukionja yeye kwanza, mbele ya macho yako. Basi watu wakaunganisha kifo cha yule na kopo la baba lenye maandishi ya Kichina, na maneno hayana mguu lakini yanafika.

Komanda mpya akaja mwenyewe, mchana kweupe, na askari wake. Alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ndogo. Baba aliwekwa sakafuni, bunduki ikasimama nyuma ya kichwa chake. Kopo likafunguliwa mezani.

"Hii njo ile dawa ya Bachina?" akauliza.

"Hapana, Komanda," baba akajibu. "Iko chai."

"Chai iko rouge, nyekundu. Miye hapana mutoto." Akayatazama majani kwa muda mrefu bila kuyagusa. Kisha akaniangalia mimi. "Pika. Kama iko chai, mutakunywa. Kama iko kitu ingine, pia mutakunywa."

Nilikwenda nyuma, jikoni. Mwanangu, watu husema wakiogopa moyo hupiga mbio. Wangu ulikuwa kama umesimama kabisa. Jikoni alikuwapo shangazi yangu Masika, dada mkubwa wa baba, mkulima wa Musienene aliyetuletea viazi na kukwama kwetu barabara ilipofungwa. Nilitupa majani kwenye chombo kama mtu anayelisha kuku, nikanyakua birika lililokuwa likitokota, na nje askari mmoja akipiga kelele, "Noki, noki!" yaani haraka kwa Kilingala chao. Shangazi akanishika mkono.

"Kavira, unapikia batu ao unapikia woga? Baba yako alisemaka maji ikitokota inachoma majani. Hii chai ikikuwa chungu, utakunja uso. Ukikunja uso, baba yako amekufa. Weka birika chini. Sali, maji ipumue."

Tukasali Baba Yetu na Salamu Maria, polepole, kama tuko kanisani na hakuna aliyetusubiri. Yule askari aliita tena. Nilitaka kukimbia na birika lile hata maji yaniunguze. Lakini shangazi hakuniachia mkono mpaka "Amina". Haraka haraka haina baraka, tunaimba hivyo kwa mdomo. Siku ile niliisikia mpaka kwenye mifupa.

Nilimimina, nikapeleka. Nikanywa wa kwanza, macho yote yakiwa usoni pangu. Chai ilikuwa laini. Baba akanywa. Kisha Komanda akainua kikombe chake, akakirudisha mezani, akakisukuma kwangu nionje na hicho. Hapo nikaona anautazama mdomo wangu bila kupepesa macho. Sikulitegemea hilo. Yule mtu aliyetutisha mji mzima alikuwa anaogopa kikombe. Nikaonja. Naye akanywa, mdogo mdogo, mpaka mwisho.

"Haina hata sukari," akasema. Askari mmoja akacheka, kisha akajizuia. Komanda akalifunga kopo, akaliweka chini ya kwapa. "Kesho mutoto yako atakuja kunipikia hii chai," akamwambia baba. "Siku atakuja, hakuna mutu atagusa duka yako. Siku hatakuja, tutaonana na wewe."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mpishi wa chai wa Komanda. Kila asubuhi nilikwenda nyumbani kwake, nikatoa majani kwenye kopo, nikasalisha maji yangu, nikamimina, nikaonja, naye akanywa. Hakuwa akila kwa mtu yeyote. Alikuwa amekonda kwa hofu, lakini chai yangu aliinywa vikombe viwili, na cha pili akakisifia. Hakuwahi kunigusa wala kunitukana. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Sasa sikiliza vizuri, maana upumbavu wa ujana hauji ukiwa umevaa matambara. Ulinijia umependeza. Kwenye vizuizi askari walianza kuniachia nipite bila kuniuliza karatasi. Sokoni Beu wanawake waliniita mama, mimi ambaye sikuwa hata na mchumba, na wakanizidishia nyanya. Majirani walikuja kwa baba wakiomba niwasemee kwa Komanda. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikutia maji, ila nilitembea shingo imenyooka. Jioni moja, nikichambua mchele na shangazi, nikamwambia Komanda ananiamini kuliko askari wake mwenyewe.

Shangazi aliacha kuchambua. "Ule mutu hakuamini we, Kavira. Anaamini tu tumbo yako."

Nilikasirika. Nikamwambia kwamba duka la baba linasimama kwa ajili yangu.

"Mugeni akikuja kwetu, nani anaonja pombe wa kwanza?" akaniuliza. "Njo ule mwenye nyumba, mwenye kupika. Anaonja juu ya kupenda mugeni wake. Ule Komanda amegeuza desturi yetu, anakuweka we mbele ili kifo kikukute we. Na we unafurahi unasema iko heshima." Akarudi kwenye mchele wake. "Onja chai yenye umepika kwa mikono yako. Ya mutu mwingine, hata akuue, usionje. Umesikia?"

Nilisema nimesikia, nikiwa na hasira bado. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini Mungu alinipenda, nililisikia hata bila kutaka. Lilikaa sikioni kama mdudu.

Haukupita muda. Asubuhi moja nilifika nikakuta kikombe kiko tayari mezani, kinatoa mvuke. Kulikuwa na mpishi mpya jikoni, kijana mrefu ambaye sikuwahi kumwona. Komanda alikuwa ameketi, hajalala, macho mekundu. "Leo yeye amepika," akasema. "Onja."

Nilikishika kikombe. Kilikuwa na rangi nzito kupita chai yangu, kijani cha maji ya bwawa. Nikanusa. Kilinuka uchungu. Inawezekana kijana yule alimwagia maji yanayotokota kama nilivyotaka kufanya mimi siku ya kwanza; hilo tu lingetosha kuifanya hivyo. Inawezekana ilikuwa jambo jingine. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa mpaka mkojo ukanitoka kidogo, na sioni haya kukuambia. Kukataa kulikuwa na bunduki, na kukubali kulikuwa na kikombe. Nikasikia sauti ya shangazi kana kwamba amesimama nyuma yangu.

Nikakiweka kikombe mezani. "Hii hapana miye nimepika, Komanda. Yenye nimepika naonja. Hii hapana."

Komanda alinitazama, kisha akageuka polepole kumtazama mpishi. "Kunywa we," akamwambia.

Kijana akakichukua. Mikono yake ilitetemeka sana, kikombe kikamponyoka, kikavunjika sakafuni, na chai ikatiririka mpaka mlangoni. Mpaka leo sijui kama alijua kilichokuwamo au alikuwa ni mtu tu anayeogopa, kama mimi, kama Komanda mwenyewe. Mikono ya mwenye hatia na ya mwenye woga hutetemeka sawasawa. Askari wakamtoa nje. Sikusikia risasi. Sikusikia chochote, na hilo ndilo linaloniamsha mpaka sasa. Jina lake sikulijua, ila kila Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, ninamtaja kama "mpishi wa Beni", nikijua kwamba Mungu hapotezi anwani.

Komanda aliniambia niende. Nilirudi Beu nikitembea, nisikimbie, kwa sababu anayekimbia huulizwa. Nilipomaliza kueleza, shangazi alikuwa tayari anafunga kanga yake. Baba akasema habari ya duka: mzigo, milango, miaka yake yote.

"Duka itabaki," shangazi akamwambia mdogo wake. "Mutoto yako ana tumbo moja tu."

Barabara ilikuwa imefunguliwa; siku ile ile tulipata lori la kwenda Butembo, tukakaa juu ya magunia, baba akiwa amefunika uso kwa koti. Duka hatukuliona tena. Baba alianza upya na meza ndogo ya chupa za chai, akafa mtu wa kawaida, kitandani, sisi tukiwa tumemzunguka. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Tulikuwa waoga, na nyumbani kwetu kulichekwa miaka mingi. Wewe mwenyewe umetoka katika kicheko hicho.

Ndiyo, mwanangu, sasa turudi kwenye buti. Mtu mkubwa aliyekupa amekuambia nini? Kwamba wewe ni hodari, kwamba anakuamini kuliko wengine, kwamba utatangulia na wenzako watakufuata. Nayajua maneno hayo, niliitwa mama sokoni kabla sijaolewa. Wakubwa wa vita huketi mezani, na chungu chao huonjeshwa vijana kwanza. Wakiona kijana ameanguka, wanajua ni chungu cha namna gani, wanatafuta kijana mwingine. Hakuna hata mmoja wao aliyenywa wa kwanza, kwa wote niliowaona, na nimeona wengi wakipita katika barabara hii.

Basi shika hili, hata ukisahau mengine yote ya koko wako. Usionje ulichopikiwa na mtu usiyejua jikoni kwake. Ukiogopa, usione haya. Mungu alikupa woga kama alivyokupa macho, uangalie nao. Na ukitaka kumjua anayekupenda, usisikilize anavyokusifu. Tazama nani anaonja kwanza. Anayekupenda huonja yeye, ndipo akupe wewe. Anayekutumia hukuambia utangulie.

Mungu wa wazazi wetu akulinde barabarani, akufiche na macho ya wanaotafuta tumbo la kujaribia. Akupe mke mwema na shamba lisilopitwa na jeshi, uzeeke mpaka wajukuu wakucheke meno. Na huyo mpishi wa Beni, popote alipo, akuombee.

Chukua kikombe hiki. Ni ile ya kijani, siku hizi inauzwa hata hapa mjini. Nimeipika mwenyewe, maji yamepumua Baba Yetu na Salamu Maria. Umeniona nikiionja. Sasa vua buti, mwanangu, unywe.