Kuku Aliyefungwa Vijiti

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu Neema hospitali, kaanguka juu ya mawe hapa Mkolani akavunjika mkono. Daktari alipolowesha plasta, hii mnayoiita hogo, ile harufu ya chokaa mbichi ikanipiga puani, nikacheka peke yangu. Neema akanuna. Yeye nimeshamweleza, ngoja niwaeleze na nyinyi.

Nilikuwa sijaanza hata darasa la kwanza. Kwenye korongo chini ya kwetu, upande wa ziwani, walikuja watu kuchimba mifupa ya kale iliyogeuka jiwe. Wajukuu huniuliza, bibi, ni dinosaria? Mimi sijui, najua mfupa wake wa paja ulinizidi urefu. Vibarua walikuwa Masalu, Shija, Kulwa wa Nkwimba, Kulwa mwingine, na baba yangu Mabula. Walichimba kwa brashi na kijiti, polepole, kama mtu anayemtoa mtoto tongotongo. Baba aliipenda kazi ile kuliko jembe.

Siku moja nikawaona wanaufunga ule mfupa wa paja kwa magunia yaliyochovywa kwenye plasta, ili usivunjike safarini. Mimi nikaelewa: anatibiwa! Bibi yangu Kabula alikuwa mganga wa mifupa. Kwake ukivunjika mguu, na kuku anavunjwa mguu, mnafungwa vijiti wote wawili. Siku kuku akikanyaga chini, na wewe unafunguliwa. Nikatazama: mgonjwa yupo, kuku hayupo. Watu wazima na miwani yao, wamesahau kuku!

Walipokwenda kula, nikamchukua tetea mwekundu wa mama. Kumvunja nilishindwa, nikamfunga vijiti tu, nikamfungia kamba kwenye kigingi kando ya mfupa. Kumbe vigingi vile ndivyo vilivyoshika nyuzi za vipimo. Kuku akapapatika, vigingi vikang'oka, nyuzi zikavurugika zote, naye akaikanyaga plasta mbichi atakavyo.

Msimamizi, Bwana Maganga, akaja mbio. "Kuku wa nani huyu?"

Akawatazama vibarua mmoja mmoja.

"Nauliza, kuku wa nani? Aliyemleta, leo ndiyo mwisho wake hapa!"

Baba akaviona vile vijiti. Akaniona na mimi nyuma ya kichaka.

"Wangu, bosi. Nimemleta mimi."

"Wewe Mabula? Wewe ninayekutegemea?"

"Labda alitaka mchuzi," akasema Kulwa mwingine, wakacheka. Baba hakucheka. Akaipangusa brashi yake, akaiweka juu ya sanduku.

Tukarudi nyumbani mchana kweupe, baba, mimi na kuku. Njiani alichuchumaa, akafungua vijiti kimoja kimoja kwa mkono ule wa brashi, akamweka kuku chini. Kuku akatembea.

"Umeona, mama," akaniambia, "mgonjwa wetu kapona."

Nikafurahi, nikajiona mganga kamili. Kesho yake baba alishika jembe, na mimi sikuuliza. Nilikuja kuelewa nikiwa na watoto wangu mwenyewe. Siku zile, kila tulipopita pale korongoni, baba alipunguza mwendo, akachungulia chini. Na mimi nilikuwa namvuta mkono: baba, twende, mbona unasimama?