Acheni Mwanya: Jinsi Tulivyomzika Nyapara Mayunga

Nilitoka Umatengo kwa miguu. Padri alitaka nibaki nifundishe watoto kusoma, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza masomo yote ya misheni, lakini tangu utoto miguu yangu haikupenda kukaa. Niliposikia kwamba Wajerumani wamejenga njia ya chuma kutoka pwani kwenda bara, nilifuatana na wapagazi waliokuwa wakipeleka nta Kilwa. Tulipita Songea, tukakata pori la Liwale ambako vita vilikuwa vimeacha mipapai inaota penye nyumba za watu. Kilwa nilipata meli, nikalala juu ya magunia ya mbata mpaka Dar es Salaam. Huko karani mmoja wa reli aliniuliza kama nina nguvu. Nilisema ninazo. Akanipandisha behewa la wazi lililojaa kokoto, na jua lilipokuwa linaelekea kuzama nikashuka Ngerengere, mweupe kwa vumbi kama mtu aliyeanguka ndani ya pipa la unga.

Nyapara wa genge alikuwa amekaa juu ya rundo la mataruma, anakula muhogo wa kuchoma. Alikuwa Mnyamwezi, mtu mzima, miguu mirefu, jina lake Mayunga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Umatengo."

"Ndiyo wapi huko?"

"Milimani, juu ya Ziwa Nyasa."

Alitafuna kidogo. "Watani zako nani hapa?"

Nilifikiri. Nilisema sina.

"Basi usife," alisema. "Utasumbua watu." Akanikatia nusu ya muhogo wake, na hivyo ndivyo nilivyoandikwa kazi.

Ninyi vijana mnaofanya kazi ya njia siku hizi mmekuta mambo mengi tayari, kwa hiyo nieleze kidogo ilivyokuwa. Genge letu lilikuwa na sehemu yake ya kutunza. Mataruma, yaani yale mapau ya kulalia reli, yalikuwa ya chuma, kwa sababu yangekuwa ya mti mchwa wangeyala mpaka reli ianguke. Chini ya kila taruma tulishindilia kokoto kwa sururu butu, watu wawili wawili, huku tukiimba ili mapigo yaende pamoja. Tulikuwa na spana za kukazia boliti, mitaimbo ya kusukumia reli, na kipimo, yaani fimbo ya chuma yenye meno mawili ya kuonyesha upana wa njia. Amri ilikuwa moja: bila kipimo, hakuna boliti inayokazwa. Baada ya mwezi wa kwanza Mayunga alinikabidhi mimi hicho kipimo, kwa kuwa nilijua kusoma alama zake.

Mkubwa wetu alikuwa Mjerumani mwangalizi wa njia. Tulimwita Bwana Njia. Kila asubuhi alitembea juu ya mataruma na nyundo ndogo, anagonga reli na kusikiliza. Hakuwa mtu wa matusi, wala hakuwa mtu wa huruma. Kiswahili chake kilikuwa kifupi kama hatua zake. Jambo aliloshikilia kuliko yote lilikuwa mwanya. Reli mbili zikikutana, lazima uache nafasi kidogo kati yao, kwani jua likiwaka chuma hurefuka.

"Chuma asubuhi inalala," alituambia. "Mchana inaamka, inanyoosha mguu. Hakuna mwanya, inapinda. Inapinda, treni inaanguka. Basi."

Mayunga alilipenda neno hilo. Alilichukua kwenye reli akalipeleka kwenye mpira.

Tulipohamishiwa Morogoro, karibu na stesheni palikuwa na kiwanja kilichosawazishwa kwa ajili ya kuweka mataruma. Mataruma yalipokwisha, kiwanja kikabaki. Mayunga alikuwa amefika Unguja ujanani na msafara wa pembe, akasilimu huko, akawaona vijana wa misheni wakicheza mpira wa Kiingereza. Alitufundisha sisi. Mpira wenyewe ulikuwa mpira kweli: matambara yaliyofungwa kamba na kupakwa utomvu wa miti ya mpira wa shambani, mzito, ukiloa unaweza kukutegua kidole. Milingoti ya goli ilikuwa mianzi ya Uluguru. Vijana wa mjini nao wakaunda timu yao, na kila Jumapili jioni Reli walicheza na Mjini.

Wakati ule kila mtu aliufuata mpira, wote kwa pamoja, kama nyuki wanaohama. Mayunga alisimama pembeni ameshika kipimo changu kama bakora, akipaza sauti:

"Mwanya! Acheni mwanya! Mmebanana kama reli ya mjinga!"

Tulimwona amechanganyikiwa. Lakini tulipojaribu kusimama mbalimbali, kila mmoja mahali pake, mpira ukawa unamkuta mtu aliye huru. Tukaanza kuwafunga Mjini. Wakati mwingine walitufunga wao, kwa kuwa walisikia kila alichotufundisha; hakujua kusema kwa sauti ya chini. Mchezaji akikosea, hakuruhusu mtu amkemee. Alimwita pembeni, akamwekea kata ya maji mkononi. "Maji kwanza, maneno baadaye," alisema, na mara nyingi maji yalipokwisha hayakuwapo tena maneno. Watu walimpenda kwa hilo. Hata vijana wa Mjini walikuwa wakimfuata baada ya mchezo kumwuliza kosa lao lilikuwa wapi, naye aliwaeleza.

Mtu mmoja tu nilidhani anamchukia. Bi Semeni, Mluguru wa Bigwa, aliuza ndizi stesheni na siku ya mchezo alikuwa upande wa Mjini na wanawake wenzake. Mdomo wake ulisikika kiwanja kizima.

"Mnyamwezi! Mtumwa wangu! Umechoka kubeba pembe, sasa unabeba matambara?"

"Na wewe Mluguru umeshuka mlimani kufanya nini?" Mayunga alimjibu. "Rudi ukanawe miguu, unachafua kiwanja."

"Nitanawa ukifa!"

Mimi nilikasirika kwa niaba yake. Mayunga alicheka akasema, "Wewe mtu wa Nyasa, yule ni mtani wangu. Babu zetu walipita chini ya milima hii na mizigo. Aliyeugua njiani, hawa ndio waliomtunza. Aliyekufa, hawa ndio waliomzika. Tangu hapo wana haki ya kunitukana, na mimi nina haki ya kula ndizi zao." Na kweli, nilikuwa nimemwona akichukua ndizi kwenye ungo wa Bi Semeni bila kuomba, naye akimtukana bila kumzuia.

Masika moja mvua ilikuja na hasira. Maji yalikula tuta upande wa Bigwa, kokoto zikachukuliwa, reli ikabaki inaning'inia. Tulifanya kazi ndani ya maji mpaka kifuani, Mayunga mbele. Njia ilitengenea, treni zikapita polepole, lakini yeye akashikwa na kichomi. Alilala kambini siku chache, anapumua kama mfua chuma anayevuta mivukuto. Alfajiri moja tuliamka tukamkuta amekwisha.

Ndugu zake wote walikuwa Unyanyembe, upande wa Tabora. Hakuwa na mke Morogoro wala mtoto. Tulikwenda kwa Bwana Njia kuomba ruhusa ya kumzika, genge zima. Alivua kofia, kisha akasema:

"Mayunga mtu mzuri. Lakini tuta bado bichi. Kila treni ikipita, mnashindilia. Watu wanne watazika. Wengine kazini."

Watu wanne ni wa kubeba jeneza tu. Mwenye kuchimba nani, mwenye kumpokea kaburini nani? Palikuwa na sehemu ya nyuma ya kambi walikofukiwa vibarua wasiojulikana kwao, haraka, bila dua, na mvua ikiisha huoni tena alama. Niliona wazi kwamba Mayunga anakwenda huko. Na sikatai kwamba nilijiona na mimi nikienda huko nyuma yake, mtu wa mbali zaidi kuliko yeye. Tulichukua sururu tukaenda kwenye tuta. Hakuna aliyeimba.

Tulikuwa hatujaanza vizuri tulipowaona wanakuja kando ya njia. Mbele Bi Semeni, nyuma yake wanawake wa Bigwa, wazee walioshuka mlimani, na timu ya Mjini nzima. Bi Semeni alinifikia, akanipokonya kipimo mkononi, akakifunga kiunoni kwa kaniki yake. Kisha akakaa juu ya toroli lililokuwa limesimama juu ya reli. Wenzake wakachukua spana na mitaimbo, wakakaa juu ya reli pande zote mbili.

"Mama, shuka," nilimwambia. "Watakupiga."

"Nani anazika mtumwa wangu?"

"Watu wanne."

"Wanne!" Aliwageukia wenzake. "Mnyamwezi mwenye miguu ile, watu wanne? Miguu tu inataka wanne."

Askari wa stesheni alikuja mbio na kiboko, Bwana Njia nyuma yake. Wale watu hawakuinuka. Askari aliinua mkono, na mimi nilifumba macho, kwa maana nilijua viboko vya wakati ule. Bwana Njia akamshika bega.

"Wanataka nini?" aliniuliza mimi.

Nilimweleza kama Mayunga alivyonieleza: hawa ni watani zake, na mtani akikamata kitu chako siku ya msiba, hukipati mpaka atimiziwe haki yake.

"Haki gani?"

Bi Semeni alijibu mwenyewe. "Genge lake limzike. Kipimo mtakipata kaburini."

Bwana Njia alimtazama yule mama, akatazama kiuno chake, mahali kipimo kilipofungwa. Amri ya kipimo ilikuwa yake mwenyewe. Akatoa saa, akampigia kelele karani wa simu aliyekuwa amesimama mbali, kuuliza treni ya mizigo iko wapi. Karani akajibu kuwa haijatoka Ngerengere.

"Treni ya pwani imepita," Bwana Njia alisema polepole. "Ya mizigo bado. Katikati kuna mwanya." Akarudisha saa mfukoni. "Nendeni. Halafu kazi."

Wale wazee wa mlimani walitangulia kuchimba kaburi; sisi tulimwosha na kumswalia msikiti wa mjini. Katika kubeba jeneza kila mtu alitaka kuweka bega, Reli na Mjini, tukawa tunasukumana hata jeneza likayumba. Sauti ya Bi Semeni ikatoka nyuma, ile ile ya Jumapili:

"Acheni mwanya! Mmebanana kama reli ya mjinga!"

Tukatawanyika, kila mtu akashika zamu yake, jeneza likaenda sawa. Naye akaendelea kumsema marehemu njia nzima. "Mnyamwezi, umebeba mizigo ya watu tangu utoto, leo mwenyewe umekuwa mzigo. Umetuweza."

Kaburini mzee mmoja wa Mlali, Mluguru naye, alishuka na kipimo, akapima huku na huku kwa uso wa kazi, akatangaza kuwa njia hii ni nyembamba, treni haitapita. Kisha akalala chali humo ndani, akakataa kutoka.

"Mniambie ubaya wake kwanza," alisema kutoka chini. "Simpokei mtu ambaye simjui."

Golikipa wetu akaanza. "Alikoroma kama kichwa cha treni."

"Haitoshi."

"Hakujua kuimba," akasema mwingine. "Wimbo wote aliupinda."

"Alikula ndizi zangu," alisema Bi Semeni kutoka walikosimama wanawake.

"Alitufundisha sisi Mjini tuwafunge vijana wake mwenyewe," akasema nahodha wa Mjini. "Huyu si mtu wa kuaminiwa." Watu wakacheka, na yeye aliyesema alikuwa analia, kamasi zinamtoka kama mtoto.

Na mimi nikasema, "Aliniambia nisife, halafu akafa yeye."

Mzee akakaa kitako akanitazama. "Huo ndio ubaya," alisema. Akatoka, na Mayunga akashuka.

Tulirudi kwenye tuta kabla ya treni ya mizigo. Bi Semeni alinirudishia kipimo. Tulishindilia, tukapima, tukaangalia mianya, treni ikapita. Jumapili iliyofuata tulicheza na Mjini, wakatufunga, na hakuna aliyejua aanze wapi kumkemea mwenzake, kwa hiyo tulikunywa maji.

Tangu hapo nimefanya kazi chini ya wanyapara wengi na mabwana wa bendera mbili. Goti langu sasa limekataa sururu, nami nimeiacha kazi kabla ya uzee kunifikia. Nimeona magenge yenye vyombo bora kuliko vyetu. Ninalowaambia vijana ni dogo: kazi ya njia huifanyi kwenu. Utakuwa mgeni maisha yako yote, na mgeni anapaswa kujua mapema nani atakaa juu ya reli kwa ajili yake.

Nilikaa Morogoro mpaka kiangazi cha mwaka wa pili baada ya msiba ule. Mayunga alikuwa ameniachia nafasi ya unyapara na ile ya kusimama pembeni ya kiwanja, nikazishika zote mbili kadiri nilivyoweza. Kisha reli ikafika Tabora, na miguu yangu ikaanza tena. Nilitaka pia kuwaona ndugu zake niwaambie kaburi liko wapi na nani aliyelichimba. Asubuhi ya safari nilisimama mlangoni mwa behewa na mzigo wangu. Bi Semeni alikuja na ungo.

"Unakwenda wapi, mtu usiye na mtani?"

"Tabora, mama. Kwao Mayunga."

"Wakikuuliza huko watani zako nani, utasema nini?"

Nilihamishia mzigo bega la pili.

"Sema Waluguru wa Bigwa. Wakibisha, waje wabishane na mimi." Akanitupia kichane cha ndizi kifuani. Nyuma yangu watu walikuwa wanasukuma wapate kuingia. "Haya, panda, mtumwa wangu. Umeziba mlango. Waachie wenzako mwanya."