Nyuzi Nne Achagua Boksi la Besi

Kwa miaka ishirini na sita mpiga besi wa bendi ile, ambaye watu wote walimwita Nyuzi Nne, hakuwahi kuulizwa swali juu ya sauti yake. Waimbaji waligombana, wapiga ngoma waliingia na kutoka, lakini besi ilikuwepo tu kama sakafu: hakuna aliyeisifu, na hakuna aliyeweza kucheza bila hiyo. Kwa hiyo siku shemeji yake alipomwambia kwamba besi haieleweki, alijiona ametukanwa hadharani, ingawa walikuwa wawili tu katika chumba cha mazoezi, wakikunja nyaya.

Shemeji huyo, mdogo wa mkewe, ndiye aliyepiga kinanda na kuongoza bendi. Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma.

"Shem, tatizo si wewe. Ni hilo boksi. Spika imechanika, nawe umeiziba kwa gundi mpaka inafanana na kiatu changu cha shule. Ijumaa wenye hoteli wanakuja kutusikiliza. Wakitupenda, tunapiga pale mwaka mzima. Wakisikia mngurumo huo, watadhani lori limekwama nje."

"Basi katafute boksi unalolitaka."

"Mimi? Nijue nini kuhusu boksi la besi? Kachague mwenyewe, wewe ndiye mwenye masikio. Bendi italichukua."

Kesho yake asubuhi Nyuzi Nne alibeba gitaa lake mgongoni akaenda dukani, chumba kirefu chenye joto ambamo spika zilipangwa mpaka darini. Muuzaji, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa utepe, alimtazama juu hadi chini.

"Unapiga wapi, kaka?"

"Ukumbini. Watu mia mbili, mia tatu."

"Na mpiga ngoma wenu?"

"Anazipiga kama ana ugomvi nazo."

"Pole. Hapo kiboksi cha chumbani hakikufai."

Nyuzi Nne alikuwa na utaratibu wake. Alipiga noti zile zile tano, polepole, akiwa karibu na boksi. Kisha akavuta waya hadi mlangoni akazipiga tena, kwa maana besi inayosikika miguuni pako siyo anayoisikia mtu wa safu ya nyuma. Muuzaji akatikisa kichwa kwa heshima. Huyu hakuwa mbabaishaji.

Boksi la kwanza lilikuwa na spika moja kubwa, ya inchi kumi na tano. Lilimtetemesha kifua, lakini hakuweza kujua noti moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. La pili, lenye spika nne, lilisema kama mtu aliyefunikwa blanketi. La tatu lilikuwa na spika mbili za inchi kumi na, katikati yake, twita, kile kispika kidogo cha sauti kali. Nyuma kulikuwa na kitufe cha kuipandisha twita hiyo. Akakizungusha kidogo, akapiga. Akakizungusha tena. Kilipogota mwisho, akavisikia vidole vyake vikizigusa nyuzi, akaisikia kila noti ikitoka nzima na safi. Machozi yakamlengalenga. Lini mara ya mwisho alikuwa amejisikia namna hiyo?

"Kaka," muuzaji alipaza sauti, "unapiga besi au unakaanga vitunguu?"

Mama mmoja aliyekuwa akichagua maikrofoni alijiziba sikio kwa kiganja. Shaka ndogo ilimpitia Nyuzi Nne, akaifukuza.

"Ninyi hamjui besi," alijibu akicheka. "Nifungie hili."

Jumatano alasiri bendi nzima ilikusanyika kulitazama boksi jipya. Walikuwa na kanuni moja isiyoandikwa popote: hakuna anayegusa vitufe vya mwenzake. Nyuzi Nne aliifungulia twita kama alivyoifungulia dukani, akaanza wimbo wa kwanza. Mwimbaji alikunja uso. Mpiga ngoma aliacha kupiga.

"Jamani, kuna nyoka humu ndani?"

Shemeji aliondoka kwenye kinanda, akazunguka nyuma ya boksi na, bila kuomba ruhusa, akaizima twita kabisa.

"Piga sasa."

Alipiga.

"Hapo!" alisema mwimbaji. "Hiyo sasa ni asali. Umechagua boksi, mzee!"

Nyuzi Nne alitabasamu kama wenzake. Hakuwa anasikia kitu ila mtetemo hafifu kwenye visigino. Vidole vilijua njia, naye aliufuata mguu wa mpiga ngoma kwa macho, na wimbo wa kwanza ukapita salama, na wa pili pia. Kabla ya wa tatu, mwimbaji alilalamika kwamba koo lake liko vizuri leo na wimbo uko chini mno. Shemeji, akiwa ameinamia kinanda, alisema wapandishe nusu toni. Wote walipandisha. Nyuzi Nne alibaki pale pale, akapiga ubeti mzima na kiitikio kizima kwa moyo mkunjufu, akiyumba kidogo, macho ameyafumba.

Alipoyafumbua, hakuna mwingine aliyekuwa akipiga.

"Shem," shemeji alisema, safari hii akimkabili. "Hukusikia kwamba tumepandisha?"

"Nilisikia. Nilisahau tu."

"Sawa. Lakini ulipokuwa ukipiga, hukusikia kwamba tuko huku, na wewe uko kule?"

Nyuzi Nne aliinama, akachomoa waya wa gitaa.

"Ijumaa mwite yule jamaa aliyenishikia nafasi nilipougua," alisema.

Alitumaini mtu atabisha. Mpiga ngoma alikaza parafujo ambayo haikulegea. Shemeji alisema, "Ni kwa Ijumaa tu, shem," na wote wawili wakajua kwamba si kwa Ijumaa tu. Boksi, kwa kuwa lilikuwa mali ya bendi, lilibaki.

Nyumbani mkewe alikuwa kwenye cherehani. Alipomwona alisimamisha gurudumu, akainuka, akaizunguka meza yote mpaka akawa uso kwa uso naye, ndipo akasema: "Mdogo wangu amenipigia simu. Anasema boksi ulilochagua ni zuri sana."

Nyuzi Nne alizitazama hatua alizozipiga mkewe kuizunguka ile meza.

"Tangu lini unakuja mbele yangu kabla hujasema?"

Mkewe alitoa pini mdomoni, akaichomeka kwenye mkono wa gauni lake.

"Huu mwaka wa tatu, baba."

"Na hukuniambia?"

"Nilikwambia. Mara nyingi tu. Ulikuwa unaitikia kwa kichwa."