Siku Niliyoazima Magongo

Jamani, hadi leo nikipita getini pale hospitali natazama chini kama mtu aliyeangusha sindano, maana mlinzi ananikumbuka, dada wa mapokezi ananikumbuka, na ukinibana sana nitakuambia hata paka wao ananikumbuka. Nitawasimulia nyie kwa sababu mmekwisha kuisikia nusunusu huko sokoni, na nusu mliyoisikia ndiyo mbaya zaidi. Ni kweli niliazima magongo. Ni kweli nilisukumwa kwenye kiti cha magurudumu nikapitishwa mbele ya watu sitini. Na ni kweli niliruka kutoka kwenye kile kiti kama mbuzi. Sasa nisikilizeni kuanzia mwanzo.

Mnajua mimi nashona sare za shule pale barazani kwangu, Bariadi hapahapa, na mnajua nashona nikikaa, nikisimama, nikikaa tena, mpaka wateja wananiuliza kama kiti kina kunguni. Kiti hakina kunguni. Ni mgongo. Tangu nilipomzaa mtoto wangu wa tatu, miaka sita sasa, kuna maumivu yanaanzia hapa chini upande wa kushoto, yanashuka kwenye tako (samahanini), yanapita nyuma ya goti mpaka kisiginoni, na kuna siku yanaunguza na kuna siku yanavuta, lakini hakuna siku ambayo hayapo. Nilikuwa na hamu ya vitu vya kijinga kabisa. Nilitamani kugeuka kitandani bila kujipangia kwanza. Nilitamani kukaa ibada nzima, hata ile ya mwinjilisti anayehubiri mpaka watoto wanalala. Nilitamani kuinama tu, kuokota kitu chini na kuinuka nikiwa nafikiria habari nyingine.

Na hospitali nilikwenda, msiseme sikwenda. Nimetibiwa UTI mpaka nimesahau mara ngapi. Nimetibiwa taifodi. Nimeambiwa nipunguze uzito, nikaambiwa na mwingine niongeze kula. Daktari mmoja kijana aliniuliza, macho yakiwa kwenye karatasi, "Mama, una mawazo?" na mimi nikajibu hapana, kisha nikafika nje ndiyo nikakumbuka jibu zuri, kwamba ndiyo baba, ninayo, nawaza mgongo. Nilichokitamani kuliko hata kupona ni daktari mmoja tu aweke kalamu chini. Nilikuwa naota hivyo mchana nikiwa kwenye cherehani, kalamu inawekwa mezani na mtu ananitazama.

Lakini niseme ukweli, kosa lingine lilikuwa langu. Mimi nimezaliwa Nyashimo, nimeolewa na watu wa Mwanhuzi, na kote huko Usukumani mwanamke aliyelelewa haingii chumba cha mtu mkubwa akaanza kumwaga shida mlangoni. Anapiga goti, anasalimia, na akiulizwa habari anasema nzuri, akiulizwa mhola anajibu mhola duhu, yaani salama tu, hata kama nyumba inaungua nyuma yake. Basi mimi nilikuwa naingia kwa daktari nimevaa kitenge cha jumuiya, nimepaka mafuta, napiga goti, "Habari mama?" "Nzuri sana, baba," na mpaka nifike kwenye "ila mgongo," mwenzangu ameshaandika dawa ya maumivu na anamwita mgonjwa mwingine.

Sasa likapita gari la matangazo, spika juu, kwamba madaktari bingwa wanakuja wiki nzima, wa macho yupo, wa mifupa yupo, njooni mapema. Nikaacha kola ya watu katikati. Nikaenda kwa jirani yangu Mama Hadija, yule mwenye duka la vitenge, kumwambia kwamba safari hii naona mwanga. Mama Hadija akanitazama kuanzia kilemba mpaka kandambili, akacheka.

"Mama Neema, ukienda na sura hiyo utarudi na panadol. Wewe unaenda hospitali kama unaenda kutoa mahari. Nani atakuona mgonjwa?"

"Sasa nifanyeje, dada?"

Akaingia ndani, akatoka na magongo mawili ya mumewe, aliyokuwa anatembelea baada ya kuanguka na pikipiki. "Hudanganyi," akaniambia. "Si kweli unaumwa? Unayavaa maumivu nje, basi, wayaone."

Hapo ndipo pa kusema hapana. Ningesema hapana nisingekuwa na mkasa wa kuwasimulia, lakini nilikuwa nimechoka, na maneno ya Mama Hadija yaliingia vizuri mno. Nikayachukua. Nikafanya mazoezi uani, nikizunguka tangi la maji, na dosari ya kwanza ikajitokeza palepale, kwamba nilikuwa nachechemea kulia wakati mguu mbovu ni wa kushoto. Nikarekebisha.

Asubuhi yake nikashuka kwenye bajaji pale getini, kitenge cha kudekia, uso haujapakwa kitu. Namba niliyopewa ilikuwa sitini na tatu. Nilikuwa tayari kungoja, Mungu ananiona, nilitafuta hata ukuta wa kuegemea. Lakini magongo yana nguvu zake. Mlinzi akanipisha. Mzee mmoja akaniachia nafasi kwenye benchi. Halafu akatokea nesi mmoja mnene mwenye huruma kweli, akasema, "Mama huyu mnamwacha asimame hivi?" na kabla sijafungua mdomo kimeletwa kiti cha magurudumu, nimekalishwa, magongo yamelazwa mapajani, na naendeshwa mbele ya watu wote huku wanasema pole mama, pole sana. Nikampita bibi mmoja mwenye miguu iliyovimba. Yule bibi naye akaniambia pole. Jamani, ile pole naisikia mpaka leo. Nilitaka kusema nishusheni, na sikusema, kwa sababu mlango wa bingwa wa mifupa nilikuwa nauona, na miaka sita ilikuwa inanisukuma kuliko yule nesi.

Nikapangwa wa tatu. Nikafumba macho, nikawa napanga maneno yangu, nisianze na nzuri, nianze na mgongo.

Nikasikia fimbo inagonga sementi. Tak, tak, tak. Fimbo ile naijua. Nikafumbua macho, na nani anaingia mlangoni na kofia yake na koti lake la kaki, ametoka Mwanhuzi na basi la alfajiri kufuata daktari wa macho bila kumwambia mtu? Baba mkwe wangu.

Kwetu mkwe hakai kwenye kiti mbele ya baba wa mume wake. Miaka kumi na tano ya ndoa sijawahi, hata nikiwa mjamzito wa miezi minane sikuwahi. Hakuna aliyeniamuru siku ile, na akili yangu haikuulizwa, ni miili yetu tu ilivyofundwa. Nikachomoka kwenye kile kiti, magongo yakaanguka kwa kishindo, nikapiga hatua tatu nzuri, nyepesi, za mwanamke mzima kabisa, nikajifunika mabega, nikapiga goti chini pwaa.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Wangaluka, mayu," akajibu, kwa kuwa yeye huniita hivyo, mama. "Mhola?"

"Mhola duhu."

Mama mmoja kule nyuma akapiga kelele, "Bwana asifiwe! Amesimama!" na watu kama watano wakaitikia, mmoja akaanza na pambio kabisa, na kwa dakika nzima mimi nilikuwa muujiza. Dakika ya pili kijana mmoja akasema, "Muujiza gani, huyo kaigiza ili apite foleni," na hapo, ndugu zangu, kicheko kilichopasuka sijawahi kukisikia hata kwenye ngoma. Nesi wangu mwenye huruma akasimama mikono kiunoni. "Mama, kumbe unatutania? Wagonjwa wote hawa unawaona wajinga?"

Nikataka kuinuka niondoke niende nisikojulikana. Sikuweza kuinuka.

Zile hatua tatu na lile goti viliamsha kila kitu. Mgongo ukanikamata, mguu ukafa ganzi, nikabaki pale nimepiga goti, jasho linanitoka, na kila nikijaribu, watu wanacheka zaidi. "Anaendelea huyo!" "Mpeni na kikombe cha ushindi!" Nikajiambia kwa jina langu la nyumbani, Kabula, umeyataka mwenyewe. Siku yenyewe ambayo maumivu yangu yameonekana hadharani, mbele ya watu sitini na nesi, hakuna hata mmoja wa kuyaamini, na yaliyofundisha watu wasiyaamini ni magongo yangu. Nikalia. Sikulia kwa kuigiza.

Baba mkwe hakucheka. Wala hakunishika, maana mkono wa baba mkwe haumgusi mkwe wake, nanyi mnajua. Alisimama pale kidogo, kisha akainamisha ile fimbo yake ya kuchungia, akanielekezea ncha moja, nyingine akaikamata yeye kwa mikono miwili.

"Shika."

Nikashika. Akavuta polepole, kama mtu mwenye kazi ya siku nzima, mpaka nikasimama. Halafu akawageukia watu, na yule mzee si mtu wa maneno mengi, akasema, "Magongo ni ya uongo. Mgongo si wa uongo. Miaka yote hii ananipigia goti, mimi ndiye ninayemwona akiinuka. Zamani alikuwa anainuka mara moja. Siku hizi anashika ukuta, akidhani natazama pembeni."

Sikujua niweke wapi macho yangu. Miaka sita nimezunguka natafuta mtu wa kuniona, na aliyeniona ni yule niliyekuwa namficha kuliko wote, nisionekane mkwe mvivu.

Nesi akachukua kiti chake. Magongo akayaegemeza ukutani, akaniambia nirudi kwenye namba yangu, na alikuwa na haki. Nikampisha yule bibi wa miguu iliyovimba, nikamwomba radhi, akaniambia, "Kaa, mwanangu, na wewe unaumwa," akasogea kwenye benchi. Nikangoja sitini na tatu yangu mpaka saa tisa alasiri, watu wananionyesha kwa midomo. Baba mkwe alikwishamaliza mambo ya macho zamani. Hakuondoka. Alikaa benchi la mbali, amenipa mgongo, kofia magotini, ili mimi niweze kukaa.

Nilipoitwa akainuka, akasimama mlangoni bila kuingia, uso ameugeuzia nje, akasema, "Daktari, huyo ni mkwe wangu. Mwulize mara tatu. Ya kwanza hasemi."

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kuliko mimi, amechoka mpaka kope. Nilidhani atacheka. Akaniuliza, "Mama, unajisikiaje?"

"Nzuri tu, daktari." (Nawaapia, ilitoka yenyewe.)

"Mama, unajisikiaje?"

"Si mbaya sana."

Akaweka kalamu chini. Jamani, niliisikia ikigusa meza. "Mama," akasema, "unajisikiaje?"

Nikamwambia. Nikamwambia tako na kisigino bila kuomba samahani, nikamwambia kitanda, ibada, kola za watu, mtoto wa tatu ambaye sijawahi kumbeba mgongoni. Akanilaza, akauinua mguu wangu wa kushoto ukiwa umenyooka, na haukufika mbali nikapiga kelele, naye akasema, "Ndiyo. Hapo ndipo mshipa unabanwa." Sijawahi kuambiwa neno tamu kama lile ndiyo. Akaniandikia kipimo cha mgongo Mwanza, akanionyesha mazoezi ya kufanya chini kwenye mkeka, na akaniambia ukweli kwamba huenda maumivu yasiishe yote. Sikujali. Nilitoka mle nikiwa bado naumwa na nikiwa mwepesi.

Wiki ikaisha, madaktari wakaondoka. Kipimo nilikwenda, kilisema alichosema yeye. Mazoezi nafanya, siku nyingine napata nafuu na siku nyingine sipati. Lakini nitawaambieni, gari la matangazo likipita bado naacha cherehani nasimama mlangoni kusikiliza kama wametaja wa mifupa. Nakitamani kile chumba. Ukiwa umesikilizwa mara moja, ndipo unajua ulivyokuwa na njaa.

Magongo nilimrudishia Mama Hadija siku ileile, naye anacheka mpaka leo. Mimi nimeapa, sitavaa tena ugonjwa wa kuazima, hata nikiambiwa nangoja namba mia tatu. Nilikuwa na wa kwangu, wa kweli, na nusura niuue kwa ule wa uongo.

Mwezi uliopita tulikwenda Mwanhuzi. Nikaanza kupiga goti, baba mkwe akanyoosha fimbo, akanielekeza kwenye kigoda alichokwisha kukiweka kando ya ukuta. Nikakaa mbele yake, mara ya kwanza katika miaka kumi na tano, masikio yakiniwaka moto kwa aibu.

"Mhola, mayu?" akauliza.

"Mhola duhu, baba."

Akangoja. "Mhola?"

"Si mbaya sana, baba."

Akauliza ya tatu.