Wao Wana Gari, Sisi Tuna Mpishi

Dada yangu ni mpishi wa kantini ya kiwanda cha sabuni. Zamu ya kwanza ikiingia, yeye ameshawasha majiko, ameshamenya vitunguu vya kujaza karai, na kitambaa chake cha kichwa kimeshalowa mvuke. Mwiko wake unamfikia begani. Mikono ina mabaka ya kuungua ambayo mwenyewe hakumbuki lipi ni la lini. Wafanyakazi wanapita dirishani, anawapakulia, wanakula, kisha wanarudisha vyombo dirisha la pili, na huko nako yupo yeye. Jioni anafika nyumbani, anavua viatu, anaingia jikoni kwake. Nimelipigia kelele jambo hilo tangu alipoolewa. Hakuna anayenisikiliza, kwa sababu mimi ni mdogo wake na, wanavyosema, mdomo wangu hauna breki.

Mumewe ni fundi wa mafriji. Mtaani wanamwita Punguza, maana hilo ndilo neno linalomtoka akiingia duka lolote, wakati mwingine hata kabla ya salamu. Ana mkono wa birika, lakini si mtu mbaya. Halewi, halali nje, na watoto wake hawajawahi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Tatizo lake ni kwamba kila akibana matumizi anajiona amemletea mtu zawadi, na anasimama pale akisubiri ashukuriwe.

Safari ya nje aliianzisha yeye mwenyewe. Alikwenda kutengeneza friji kwa wakala wa safari, akasikia habari za tiketi za bei ya chini, za msimu ambao watalii wengi hawasafiri. Akarudi macho yanamng'aa. Angekwenda na mkewe na binti zao wawili, na mimi nikaombwa nijiunge ili tuchangie gharama ya vyumba. Dada hakuuliza nchi hiyo ina nini cha kutazama. Aliuliza habari za chakula hotelini. Shemeji akamwambia kinaletwa mezani, asubuhi na jioni, na ukishiba unanyanyuka tu, vyombo unaviacha hapo hapo.

Jioni ile dada alikuja kwenye chumba ninachokaa hapo kwao, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Wiki nzima sitagusa sufuria," alisema. "Sitaki kingine."

Alilisema kwa sauti ya chini, utadhani anaogopa kusikiwa. Kuanzia hapo akawa mtu mwingine. Kazini akawa anaimba. Alipaka kucha rangi, msimamizi akamwambia azifute kwa sababu anashika chakula cha watu, akazifuta bila kununa. Nilimwonea raha, na nilimwonea huruma pia, kwa sababu namjua shemeji yangu.

Tulipofika, shemeji alikataa teksi. Tukakokota mabegi kutoka kituoni, na lile zito kuliko yote akalibeba mwenyewe, hataki mtu aliguse. Akatupitisha hoteli ya kwanza, akatupitisha ya pili, akasimama mbele ya jengo la makazi ya watu. Tukapanda ngazi. Akafungua mlango wa fleti, akakaa pembeni tupite, uso umemchanua. Hoteli alikuwa ameshaifuta zamani, ila hakutuambia. Alitaka iwe mshangao. Fleti ilikuwa ya bei nafuu mno, akasema, na zaidi ya yote ina jiko kubwa la umeme. Ndipo akafungua lile begi zito. Mchele, unga, mafuta, viungo vilivyofungwa vizuri kwenye mifuko, na sufuria mbili za nyumbani.

"Kwa nini tulishwe na watu wasiojua kupika na wewe upo?" alimwambia mkewe. "Hakuna hoteli inayokufikia."

Kilemba cha ukoka, nilijisemea. Lakini nilipomtazama nikaona anaamini anachokisema, na hilo ndilo lililonimaliza. Dada alilitazama jiko. Akavua koti, akauliza vitunguu viko wapi.

Nilimfuata shemeji koridoni nikampasulia ukweli wake, kwamba amemhamisha mkewe kutoka kantini moja hadi nyingine. Alishangaa kwa dhati. Akasema mama watoto mwenyewe hajalalamika, sasa mimi nalalamika kwa niaba ya nani? Na kweli, hakuwa amelalamika.

Basi tukaanza kutembea. Shemeji alijua makumbusho yapi hayatozi kiingilio siku gani, daraja lipi linavukwa kwa miguu, bustani ipi ina maji ya kunywa ya bure. Watoto walifurahi mpaka basi. Dada aliamka mapema, akachemsha mayai, akajaza mikebe chakula cha mchana, tukala kwenye mabenchi. Tukirudi, sisi tulinyoosha miguu, yeye akaingia jikoni. Kuna siku tulikuwa juu ya mnara, mji mzima uko chini yetu, nikamuuliza anaonaje. Akaniambia anawaza kama maharage aliyoloweka yatakuwa yamelainika.

Siku chache kabla ya kurudi, tulipanga foleni ya makumbusho. Nyuma yetu ilikuwepo familia inayozungumza lugha yetu. Salamu zikazaa soga, soga ikazaa mkebe wa chakula kuzunguka mkono kwa mkono. Yule baba alionja, akafumba macho. Mpaka tunafika mlangoni, shemeji alikuwa ameshafunga mapatano. Wale walikuwa wamekodi gari. Kesho wangetupeleka ziwani bila sisi kutoa chochote, na leo jioni wangekuja kwetu kula. Akaja kutupa habari huku akisugua viganja.

"Wao wana gari," alisema, "sisi tuna mpishi."

Dada alikuwa anafunika mkebe. Mkono ukasimama. Shemeji hakuona, alikuwa ameshafika kwenye nyama na wali, na kama nyanya zilizobaki zitatosha.

Tulipofika kwenye fleti, dada aliingia chumbani. Akatoka amevaa gauni lake zuri, na mkoba begani.

"Unakwenda wapi?" shemeji aliuliza.

"Kula."

"Na wageni?"

"Wageni ni wako."

Mlango hakuubamiza, aliurudishia taratibu. Nilitoka mbio nyuma yake, kamba za viatu zinaburuta, na sifichi, nilikuwa na furaha isiyo kifani.

Tuliingia mgahawa mdogo wa pembeni mwa barabara. Dada alikaa wima, mkoba mapajani, kama anayesubiri kuitwa na daktari. Menyu ilikuwa na picha, akaonyesha kwa kidole. Mhudumu alipoleta sahani, dada alinyanyuka nusu ili ampokee, yule bwana akamwashiria akae. Akakaa. Alikula polepole sana. Chumvi haikukolea na nyama ilikuwa ngumu. Nikaanza kukosoa, akanikatisha.

"Acha. Si kosa langu."

Akacheka mpaka akajifuta machozi. Alipomaliza, mikono yake ikaanza kazi yenyewe: sahani yangu juu ya yake, uma juu, makombo pembeni. Mhudumu akaja, akavichukua vyote, akaondoka navyo. Dada akabaki anaitazama meza tupu.

"Mimi huletewa sahani zilizokwisha kuliwa," akaniambia. "Tangu nianze kazi. Sijawahi kuletewa iliyojaa."

Simu yake ikaita. Aliitazama, akanisukumia. Alikuwa shemeji, anaongea kwa kunong'ona. Wageni wameshaketi, na yeye anaomba kujua wali unawekwa maji kiasi gani. Nikamfikishia dada swali hilo. Alikuwa anafunua menyu, amefika kwenye vitu vitamu.

"Mwambie niko likizo," alisema.

Nikamwambia, nikakata simu.