Kopo la Pudre

Majina ya watu wote wa mambo haya ningali nayakumbuka, hata la mulinzi wa mulango wa shule, lakini sitayaandika. Wengine wangali hai, na ninaona haya.

Mwaka ule vita vilileta kwenye parseli yetu, ndani ya ua wa nyumba, mwanamuke wa muji wa Kiwanja na binti yake. Niliwapa jiko la nyuma walale. Binti yake na mujukuu wangu walikuwa wote mwaka wa sita wa shule ya musingi. Wangu alisoma shule ya matofali, ambayo direkta wake tulimuogopa hata sisi wazazi. Saa moja na nusu alifunga mulango. Aliyechelewa alipigwa fimbo, akarudishwa nyumbani. Mimi niliyeishia mwaka wa pili nilijivunia jambo hilo. Nilisema, huyo ndiye mukubwa wa shule.

Binti wa mukimbizi alisoma chini ya maturubai, njia ya Munigi. Mukubwa wao alikuwa mama mumoja mufupi. Asubuhi alisimama njiani, akiuliza kila mutoto kama amekula. Mwalimu akikosa, aliingia darasani mwenyewe na chaki. Mutoto asipoonekana siku mbili, alimufuata nyumbani. Alifika hata kwetu, akakaa juu ya ndoo yangu, akamusikiliza yule binti akisoma. Mujukuu wangu alichungulia tu.

"Koko," yule mama wa Kiwanja akaniambia, akiniita bibi kama wote, "umulete wako pia. Direktrisi, yule mama mufupi, hawezi kukataa."

"Wangu anasoma shule yenye kuta," nikamujibu.

Roho iliniuma. Mutu ninayemulaza jikoni kwangu, mutoto wake anasoma kama redio, na wangu anatetemeka akishika kitabu. Asubuhi ya mvua hakwenda kabisa, kwa kuogopa ule mulango. Asubuhi hizo zilikuwa nyingi. Sikuziona, macho yangu yalikuwa kwa yule jirani wa jikoni.

Siku ya proklamasio, ya kutangaza matokeo, majina ya waliofaulu wa shule zote mbili yalisomwa kwenye uwanja wetu. Kwetu, mutoto aliyeshinda humwagiwa pudre, poda nyeupe ya watoto, kichwani. Kopo langu nilikuwa nimelificha ndani ya kitenge.

Wa maturubai walikuwa wengi, na binti wa jikoni kwangu kati yao. Wa kwetu wakasomwa, wachache.

"Koko, amemaliza kusoma majina yote?" mujukuu wangu akauliza.

"Amemaliza."

Jirani yangu hakuwa na pudre. Alimupapasa binti yake kichwa kwa mikono mitupu. Mujukuu wangu akachomoa kopo kitengeni.

"Tumumwagie yeye, Koko."

Nikamunyang'anya, nikamwaga mwenyewe, yote, kwa nguvu, mpaka yule binti akakohoa.

"Aksanti, Koko," mama yake akasema. "Kumbe ulimununulia."

Nikalirudisha kopo tupu kitengeni.

Masomo yalipoanza tena, nilimupeleka wangu kwenye maturubai, kwa kupitia mbele ya nyumba, mbali na jiko, ili jirani asituone. Direktrisi alikuwa palepale njiani. Akainama, akamuuliza mutoto kama amekula. Mimi hakuniuliza kitu. Nilitamani aniulize.